Jiwe, makucha na jembe: historia ya nanga kwenye maziwa yetu

Kuna swali ambalo limekuwa likirudi kila tunapozungumzia safari za majini. Kwa nini boti za Goma zinatumia chuma chenye makucha, za Uvira zinafunga jiwe au kipande cha motere iliyokufa, na huko Kalemie unaona kitu kinachofanana na jembe? Na swali la pili, linaloulizwa zaidi na waliokwisha kuogopa: kwa nini boti inatupa nanga, kamba inakaza, halafu bado inasogea kuelekea miamba?

Watu wengi hujibu kwamba nanga ilikuwa nyepesi. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Nanga inaweza kuwa nzito na bado ikashindwa, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya sakafu ya ziwa iliyotupwa juu yake. Mafundi na manahodha wamejifunza jambo hilo kwa miaka mingi, na sehemu ya somo hilo ilifanyika hapa hapa kwetu, kwenye Tanganyika na Kivu.

Linatuhusu sasa kuliko zamani. Barabara ya kutoka Sake kwenda Minova ilipokatwa na vita mwanzoni mwa mwaka 2024, ziwa likawa barabara ya watu ambao hawakuwahi kulizoea. Kuna mama aliyezoea kulima Masisi aliyelazimika kupanda boti usiku na watoto na magodoro. Kuna familia kutoka Uvira na Fizi zilizoshuka kwa maji mpaka Kalemie, au zikavuka kwenda Burundi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka ufukweni. Sababu haikuwa nanga. Lakini baada ya siku ile tulizungumza sana juu ya jaketi za kuokolea na juu ya kubeba watu kupita kiasi, na ni sawa tulivyofanya, ila nanga hakuna aliyeitaja. Motere ikizima usiku na upepo ukisukuma kuelekea mawe, hakuna breki nyingine.

Tuanze na sakafu yenyewe. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi, na Kivu karibu mita 480. Namba hizo hazimsaidii nahodha kitu, kwa kuwa hakuna kamba ya kufika huko. Kinachomhusu ni ukanda mwembamba wa pwani ambamo nanga inaweza kugusa chini, na ukanda huo kwetu ni mwembamba kweli. Maziwa haya yapo ndani ya bonde la ufa. Milima unayoiona ikishuka mpaka ufukweni haiishii pale. Inaendelea kushuka chini ya maji kwa mteremko uleule. Mahali pengi unaweza kusogea mita chache tu kutoka kwenye jiwe la kufulia nguo, na kamba yako haigusi tena. Mabaharia wa bahari wamezoea kutia nanga mbali na nchi kavu. Sisi tunatia nanga karibu na mawe yaleyale tunayoyaogopa.

Wazee wa mitumbwi walilijua hilo, na jibu lao lilikuwa rahisi: wasilale majini. Mitumbwi mikubwa ya karne ya 19 iliyotumiwa Ujiji ilichongwa upande wetu, kwenye misitu ya milima ya Goma. Nasema ile milima ya magharibi ya Tanganyika, si mji wa Goma wa leo. Mitumbwi hiyo ilitembea ikifuata ufukwe, na jioni ikavutwa mchangani. Richard Burton na John Speke, Waingereza wawili waliofika Ujiji mwezi Februari 1858, walisafiri kwa namna hiyo. Speke alivuka mwezi Machi kuja kisiwa cha Kasenge, upande wa Kongo, kuomba jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamid bin Sulayyim. Njiani, kisiwani, dhoruba ilipiga kambi yake, na usiku ule ule mdudu akamwingia sikioni, akabaki na maumivu kwa muda mrefu. Jahazi hakulipata. Mwezi Aprili yeye na Burton walipanda tena mitumbwi, wakafika Uvira.

Lile jahazi la Sheikh Hamid ndilo linalonivutia zaidi kuliko yule mdudu. Mtumbwi huvutwa mchangani na watu kumi. Jahazi lenye tanga na shehena haliwezi kuvutwa kila jioni. Lazima lilale majini, na chombo kinacholala majini kinahitaji nanga. Kwa hiyo pamoja na Kiswahili, kilichopanda kutoka pwani na misafara mpaka Ujiji, Mtoa na Kasongo, kulikuja pia elimu ya kutia nanga.

Sikiliza maneno yenyewe. Watu wa pwani walitofautisha vyombo ambavyo sisi leo tunaviita kwa jina moja. Nanga kwao ilikuwa hasa ile ya makucha manne. Ile kubwa ya meli za Kizungu, yenye mikono miwili na gogo au chuma kilichokingama juu, iliitwa baura. Kamba ya nanga ni amari. Boya linaloelea juu kuonyesha nanga ilipo ni chelezo. Sehemu ya mbele ya chombo ni omo. Watu wasingekuwa na maneno yote hayo kama kazi ya kutia nanga ingekuwa kutupa kitu kizito majini na kulala.

Nanga ya kwanza ya binadamu, hata hivyo, ni jiwe, na jiwe halijaondoka. Ukipita bandari ndogo zetu utaliona bado, limefungwa kamba ya nailoni. Lina faida zake: halina bei, na likikwama unalikata na kutafuta jingine. Ubaya wake ni kwamba linashikilia kwa uzito peke yake, na uzito huo maji yanauiba. Jiwe gumu la kilo 30, kama lile la milima ya Uvira na Fizi, likiingia majini linabaki na uzito wa karibu kilo 18 au 19. Zege ni vilevile, au mbaya kidogo. Jiwe la volkeno la Goma, lile lenye matundu kama mkate, linaweza kupoteza zaidi ya nusu. Chuma cha kilo 30 kinabaki na karibu kilo 26. Ndiyo maana kipande cha motere mbovu ni bora kuliko jiwe la ukubwa uleule, na wavuvi waliokichagua hawakuhitaji mwalimu wa fizikia.

Lakini hata chuma hicho cha motere kinalala tu juu ya sakafu. Hakichimbi na hakishiki. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inayovuta boti inaongezeka mara nne. Boti iliyotulia saa mbili usiku kwa kipande cha motere, saa sita inakiburuta kama mbuzi anavyoburuta kigingi.

Ziwa lenyewe pia halikai kimya. Henry Stanley alipozunguka Tanganyika mwaka 1876 kwa boti yake Lady Alice, kwa siku 51, mto Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na majani mdomoni, na maji yalikuwa yanapanda. Verney Cameron alikuwa ameuona mdomo huo miaka miwili kabla yake. Muda mfupi baadaye kizuizi kilibomoka, maji yakaanza kutoka kwa nguvu kuelekea Lualaba, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takribani mita 10. Fikirieni maana yake kwa mtu wa boti. Mahali baba yake alipotia nanga pakawa shamba. Ujiji, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 karibu na maji, leo ni mbali na ufukwe. Kila bandari ililazimika kujifunza sakafu mpya.

Mmoja aliyeishi mabadiliko hayo alikuwa Edward Hore, baharia aliyekuja na wamisionari wa London Missionary Society mwishoni mwa miaka ya 1870. Wamisionari wengi walichagua makazi kwa kuangalia vijiji na udongo. Hore, kwa kuwa alikuwa baharia, aliangalia mahali chombo kinapoweza kulala salama. Alihamia kisiwa cha Kavala, karibu na Mtoa, kwenye pwani yetu ya magharibi, ambako kisiwa kinakinga upepo. Nadhani alikuwa na akili kuliko wengi waliomfuata. Mtu anayechagua kwanza mahali, kisha nanga, amepunguza nusu ya hatari.

Waliomfuata walikuja na vita. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na Kigoma, yenye ghuba nzuri iliyojikinga, na reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeshafika. Wabelgiji walikuwa na mdomo wa Lukuga, mahali tunapopaita leo Kalemie: ufukwe wa wazi, mchanga, mawimbi. Mwezi Agosti mwaka ule meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliipiga meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune na kuilemaza. Ziwa likawa la Wajerumani.

Hadithi ya Waingereza waliokuja kusaidia mnaifahamu baadhi yenu. Boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, zilisafirishwa mwaka 1915 kutoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, zikashuka Lualaba, zikapanda treni tena Kabalo mpaka ziwani. Kazi ya njia na ya kuvuta ilifanywa na maelfu ya Wakongo ambao vitabu haviwataji majina. Zilifika mwishoni mwa Oktoba. Ila hazikuingia majini mpaka tarehe 22 na 23 Desemba. Zilisubiri karibu miezi miwili, na sababu kubwa ilikuwa hii tunayoizungumza: pale ufukweni hapakuwa na mahali pa kuzilaza. Boti nyepesi ya mbao iliyotia nanga kwenye mchanga wa wazi, mbele ya mawimbi ya Tanganyika, ingevunjwa kabla ya kumwona Mjerumani. Ilibidi kwanza ukuta wa mawe uingizwe ziwani ili kutengeneza bandari ndogo. Siku chache baada ya kuteremshwa, tarehe 26 Desemba, ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Wanahistoria husifu mizinga na safari ya milimani. Mimi nauona ule ukuta wa mawe.

Na meli kubwa ya Wajerumani? Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71, haikushindwa vitani majini. Wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916 walipokuwa wakikimbia, baada ya kupaka mashine zake mafuta mazito ili zisioze. Wabelgiji waliiinua baadaye na kuileta Kigoma, na hapo, mwaka 1920, dhoruba ikaizamisha tena ikiwa imetulia bandarini. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Wengi wenu mmeisikia, na baadhi ya familia zetu zilipanda ndani yake zikirudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania. Meli ya chuma, katika ghuba iliyojikinga, na bado ziwa liliishinda ikiwa imefungwa.

Götzen aliyepewa heshima ya jina hilo alikuwa Mjerumani aliyefika ziwa Kivu mwaka 1894, Mzungu wa kwanza kuliona. Basi tupande naye mpaka Kivu, maana huko sakafu ni nyingine kabisa.

Kivu lilizaliwa milima ya moto ya Virunga ilipoziba maji yaliyokuwa yakitiririka kuelekea kaskazini. Maji yakapanda, yakajaza mabonde ya zamani, mpaka yakapata njia ya kusini kwa mto Ruzizi. Upande wa Bukavu, ambako mji umekaa juu ya rasi zake tano kama vidole vya mkono, ghuba zinazoingia katikati ni mabonde yaliyozama. Ndani ya ghuba hizo kuna udongo laini na upepo si mkali. Upande wa Goma na Sake ni mawe meusi ya volkeno. Kati ya 1938 na 1940 moto wa Nyamulagira ulifika ziwani karibu na Sake. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma na kuingia majini. Kwa hiyo kuna sehemu za sakafu ya ziwa mbele ya Goma ambazo umri wake ni mdogo kuliko wa vijana wanaobeba mizigo pale.

Juu ya mawe kama hayo, nanga ya kuchimba haina kazi. Utaisikia ikigonga, ikiteleza, ikigonga. Kinachofaa ni makucha: nanga ile ile ya zamani ya pwani, ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma wa Goma wanaitengeneza kwa vyuma vya betoni, wanne au watano wamekunjwa kama vidole kuzunguka bomba. Kucha moja likiingia kwenye ufa, boti imesimama.

Shida ni asubuhi. Kucha lililoingia kwenye ufa halitoki kwa kuvutwa upande uleule lililoingilia, na nanga nyingi zimebaki chini ya Kivu kwa sababu hiyo. Mabaharia wana njia mbili za zamani. Ya kwanza ni kufunga kamba ya pili, nyembamba, kwenye kitako cha nanga, pale makucha yanapokutana, na kuiacha ikielea na chelezo. Bidoni tupu ya lita 5 inatosha. Ukitaka kuondoka, unavuta kamba hiyo, na makucha yanatoka kinyumenyume. Ya pili inafaa kwa mtu mwenye kamba moja tu. Kamba kubwa inafungwa kwenye kitako, halafu inalazwa kando ya mti wa nanga na kushikizwa pale juu, kwenye pete, kwa uzi dhaifu. Siku ya kawaida nanga inavutwa kwa pete kama nyingine yoyote. Ikikwama, unavuta juu kwa nguvu, uzi unakatika, mvuto unahamia kitakoni, nanga inageuka na kutoka. Lakini njia hii ya pili msiitumie mahali pa kulala usiku wenye upepo, kwa maana uzi unaweza kukatika wakati mnauhitaji.

Mchanga, kama ule wa Kalemie na fukwe nyingi za Fizi, unataka kitu kinachojizika. Hapa ndipo jembe linapoingia, na wala si mfano tu. Mwaka 1933 Mwingereza Geoffrey Taylor, mtaalamu wa hesabu wa Cambridge aliyependa kusafiri kwa mashua, alitengeneza nanga yenye umbo la jembe la plau la pande mbili. Alikuwa anatafuta nanga nyepesi kwa ajili ya ndege zinazotua majini, maana ndege haiwezi kubeba chuma kizito kama meli. Ndege za namna hiyo tulikuwa nazo hapa kabla yake: mwaka 1916 Wabelgiji walizitumia karibu na Mtoa kwenda kupiga Kigoma kwa mabomu. Karibu na mwaka 1940, Mmarekani Richard Danforth alileta nyingine, yenye mabapa mawili mapana yaliyo bapa, yanayoweza kugeuka upande wowote ule. Ilitumika sana kwenye vyombo vya kuteremsha askari ufukweni katika Vita vya Pili vya Dunia. Nanga hizi mbili zilibadilisha hesabu yote. Nanga ya mabapa yenye kilo 10, ikizikwa vizuri mchangani, inashikilia kuliko jiwe ambalo watu wawili hawawezi kuliinua. Uzito unasaidia tu kuanza kuchimba; baada ya hapo ni mchanga wenyewe unaoshikilia boti.

Fundi wa kwetu anaweza kukata mabapa hayo kutoka kwenye bamba la chuma. Aangalie pembe kati ya bapa na mti wa nanga. Ikiwa finyu sana haichimbi, ikiwa wazi sana inang'oka. Kwa mchanga, nyuzi 30 hivi ndizo zilizozoeleka. Kwa tope laini inafunguliwa zaidi, na bapa liwe pana.

Tope liko wapi? Kaskazini mwa Tanganyika, ambako Ruzizi inamwaga udongo wa milima kutoka Bukavu mpaka bondeni, na mbele ya mito ya Uvira. Tope linadanganya. Nanga ya makucha inapita ndani yake kama uma ndani ya uji. Jiwe linazama kidogo na kuonekana limeshika, na likikaa siku nyingi linashika kweli kweli, ila kwa usiku mmoja halina muda wa kuzama. Mwanzoni mwa karne ya 19 Robert Stevenson wa Scotland alitengeneza nanga yenye umbo la uyoga kwa ajili ya meli ya taa iliyotakiwa kukaa mahali pamoja kwa miaka. Uyoga huo ni mzuri kwa chelezo na vizimba vya samaki, si kwa boti ya abiria inayosimama saa tatu.

Kuna pia sakafu ambayo Tanganyika linayo kwa wingi na watu hawaifikirii: makombe ya konokono. Katika kina cha mita 10 mpaka 30, sehemu nyingi, chini kumetandazwa makombe matupu, unene wa kutosha kuficha mchanga. Nanga ya jembe inaingia, inajaa makombe, inateleza. Huko ni bora kuvuta nanga juu, kuisafisha, na kusogea mahali pengine kuliko kubishana nayo. Majani ya chini ya maji ni hivyo hivyo: yanaonekana kushika, kumbe umeshika majani na mizizi yake inang'oka.

Sasa nahodha ajuaje kilichoko chini usiku? Mabaharia walijibu swali hili kabla ya chombo chochote cha umeme. Kamba yenye risasi au chuma mwishoni, ambayo pwani wanaiita bildi, ilikuwa na shimo dogo chini, na ndani ya shimo hilo walipaka mafuta mazito ya mnyama. Ikigusa sakafu, mafuta yanabeba kilichopo: chembe za mchanga, tope, vipande vya kombe. Ikirudi safi na ina mikwaruzo, ni mwamba. Kwa sisi, jiwe la kilo moja lenye shimo na kipande cha sabuni ya kufulia iliyolainishwa vinafanya kazi ileile. Kamba iwekewe mafundo kila mita mbili, na hapo hapo unapata kina pia.

Kina ndicho kinachopanga urefu wa amari. Hapa ndipo boti zetu nyingi zinaponyanyasika, na si kwa ujinga bali kwa bei ya kamba. Kamba ikienda chini wima, inainua nanga. Ikienda kwa mlalo, inaizika. Kwa hiyo mita 10 za maji zinataka mita 50 mpaka 70 za kamba, na ukiunga mita chache za mnyororo mbele ya nanga, mnyororo unalala chini na kusaidia mvuto uwe wa mlalo. Mtu mwenye mita 20 za kamba na nanga nzuri kabisa hana nanga.

Kwenye mteremko wa Kivu mambo yanageuka kidogo. Upepo ukitoka ziwani na kukusukuma kuelekea nchi kavu, nanga inavutwa kupanda mlima, na inashika. Upepo ukigeuka na kutoka nchi kavu, nanga ileile inavutwa kuteremka, inaachia, inaning'inia kwenye maji ambayo hayana mwisho. Ndiyo maana utaona Idjwi na Kalehe boti imetupa nanga ziwani kwa mbele na kufunga kamba ya pili kwenye mti ufukweni. Siyo ushamba. Mabaharia wa nchi zenye ghuba za kina kirefu hufanya vilevile.

Na kamba ifungwe omo, mbele. Nimeona boti zilizojaa watu zikifunga nanga ubavuni au nyuma kwa sababu ndiko mtu aliyeishika alikuwa amekaa. Boti iliyofungwa mbele inageuza pua yake kwenye mawimbi na kuyapasua. Iliyofungwa nyuma inapokea maji penye motere, mahali palipo chini zaidi. Iliyofungwa ubavuni inalala upande, na abiria wote wakikimbilia upande mmoja, hesabu mnaijua. Jambo hili abiria anaweza kuliona kabla boti haijaondoka, hata kama hajawahi kushika kasia: nanga iko mbele au imezikwa chini ya magunia? Kamba imekunjwa vizuri, au imefungia bidoni za mafuta? Mwulize nahodha kwa heshima. Nahodha wa kweli hakasiriki kwa swali hilo.

Nimalizie na Kalundu, kwa sababu huko somo linaandikwa upya. Mwezi Aprili 2020 Mulongwe ilifurika na kushusha mawe, miti na kuta za nyumba mpaka ziwani. Mwaka 2024 Tanganyika lilipanda kwa kiwango ambacho watu wengi hawajawahi kukiona, maji yakaingia bandarini Kalundu na katika mitaa ya ufukweni ya Uvira, na familia zikahama kwa mara nyingine, safari hii bila risasi hata moja. Palipofunikwa, sakafu si mchanga, wala tope, wala mwamba. Ni misingi ya nyumba, nguzo, mabati na nondo za madirisha. Nanga ya mabapa haiwezi kuchimba sakafu ya saruji. Makucha yatashika mara moja, tena kwa nguvu, na huenda yasitoke. Anayetia nanga pale aweke kamba ya kitakoni na chelezo, na kabla ya giza amwulize mtu aliyekuwa akiishi mtaa ule ukuta uko wapi.